Gari Lenye Usukani wa Kulia

Mpendwa mjukuu wangu Odette,

Sisi hapa Likasi tu wazima. Shangazi yako amejifungua mapacha, na nyumba nzima haina usingizi wala huzuni.

Unauliza kama wewe na mumeo mnunue gari jipya, au lile lililotumika Japani, lenye usukani upande wa kulia. Gari langu la kwanza lilikuwa la namna hiyo. Kwa kuwa kwetu magari hupita upande wa kulia wa barabara, dereva wake haoni kilicho mbele ya lori analolifuata. Anayeona ni aliyeketi kushoto.

Siku moja tulikuwa tukimpeleka Lubumbashi mdogo wa bibi yako, akafunge ndoa. Lori la madini lilijikokota mbele yetu. Bibi yako akachungulia.

"Pita sasa, njia iko wazi!"

Sikumwamini. Nilijinyoosha nione mwenyewe, na nafasi ikapotea.

Bibi arusi akapiga kelele kutoka nyuma: "Shemeji, sikia muke yako! Bwana yangu ataoa mwingine!"

"Bado," akasema bibi yako. "Bado… Pita!"

Mara hii nilimsikiliza. Tulilipita lori kwa vigelegele, tukafika kanisani padri akiwa bado anavaa.

Sikukatazi gari jipya. Usukani wa kushoto ni salama zaidi. Lakini mkichukua lililotumika, anayeendesha na amwamini mwenzake. Mimi, tangu siku ile, sipendi kuendesha peke yangu.

Babu yako