Mkebe wa Saba

Baba,

Mashine ya mazoezi ya Kilimani imesimama. Naanza na hilo kwa sababu nakujua, ungenikatiza salamu uulizie mashine kwanza. Imesimama, haitingishiki, na ukipitisha kidole kwenye viungo vyake hukwaruzwi popote. Ni mimi Nekesa niliyeimalizia. Mimi peke yangu.

Ulipotuacha ghafla vile, fremu yake ilikuwa imeegemea ukuta wa karakana pale Kawangware, haina puli, haina waya wa kupita juu yake, haina hata kibao cha kupigia magoti. Tulikuzika nyumbani Bungoma, na hata matanga hayajaisha baba mdogo Simiyu akaanza kuuliza ni nani atanunua grinda na mashine ya kuchomelea. Aliuliza kwa upole, simsingizii. Ati msichana anaweza kushikilia chuma kikichomelewa, lakini karakana inataka mwanamume. Nikainuka mbele ya wazee wote nikamwambia angoje mashine ya Kilimani ifike kwa mwenyewe. Ikikubaliwa, karakana ni yangu. Ikikataliwa, auze kila kitu, hata nyundo. Mama alinivuta leso nikae chini, lakini maneno yalikuwa yameshatoka. Unajua nilivyo. Mdomo wangu hutangulia, mikono inafuata baadaye.

Basi mikono ikalazimika kufuata. Puli niliiweka kombo, waya ukawa unasugua chuma, nikakata nikaanza upya. Nikakata tena. Wateja wa milango na madirisha walikuja wakiuliza mzee yuko wapi, na niliposema mzee hayuko, wengine waliondoka na madirisha yao. Lakini yule mama wa Muthangari, wa geti lenye maua, alisema anataka mkono uleule uliomchomelea geti. Nikamwonyesha mkono wangu. Lile geti nililichomelea mimi, Baba, wewe ulikuwa umelala na malaria, na hukumwambia mtu kwa sababu nilikuomba usiseme. Sasa nimesema.

Na kila jioni, kabla ya kufunga, nimekuwa nikipanda ile mashine yetu ya zamani. Bado iko pale kona, kutu na yote. Nilikuwa na miaka kumi na tisa ulipoitengeneza, baada ya vijana wa jimu ya mtaani kunicheka nikining'inia kwenye bomba kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba. Hukuwagombeza. Ulitafuta mabomba ya maji, puli ya kisima na mikebe saba ya mafuta ya kupikia. Mikebe ukaijaza simiti, na simiti ikiwa mbichi ukabonyeza kidole gumba juu ya kila mmoja, kisha ukaining'iniza upande wa pili wa waya ulioshika kibao. Ukaniambia nipige magoti kwenye kibao, nishike bomba, nivute. Mikebe ikashuka, kibao kikapanda, na kidevu changu kikavuka bomba kwa mara ya kwanza maishani. Nililia. Wewe ukajifanya unatafuta spana.

Ulinieleza kwamba mashine hii ina tabia ya kinyume. Uzito mwingi unakubeba, uzito mdogo unakuachia kazi. "Utakuwa unatoa mkebe mmoja mmoja," ulisema. "Siku utakayotoa wa mwisho, niite nije nione."

Nilitoa mitatu ukiwa hai, halafu nikazembea. Nisamehe. Tangu tukuzike nimetoa mingine mitatu. Wa saba ulikuwa umenishinda kabisa.

Jumamosi tukaipakia mashine mpya kwenye pikapu hadi Kilimani kwa Madam Lorna, mwenye jimu ya akina mama. Yake sikuiwekea mikebe, niliiwekea sahani kumi za chuma, zimepakwa rangi nyeusi, zinapendeza hata kwa mtu asiyejua kazi yake. Madam akataka kuijaribu mwenyewe. Sasa kocha wake, Kevo, kijana wa mabega mapana, kwa nia njema kabisa, akasema tuanze polepole Madam asije akaumia. Akatoa sahani zote akabakisha moja. Nilikuwa nimeinama nikikaza nati ya mwisho, sikumwona. Madam akapiga magoti, kibao kikadidimia naye mpaka chini, akabaki ananing'inia.

"Hii kitu haishiki, Madam," Kevo akasema. "Hii puli imeharibika."

Madam akageuka akanitazama, na nikajua alichokuwa akiwaza, kwamba angengoja apate fundi mwingine. Baba, niliogopa. Nilimwona Simiyu akiinua nyundo yako aonyeshe mnunuzi. Mdomo wangu ulitaka kumvua Kevo nguo mbele ya watu, lakini safari hii niliufunga. Nikarudisha sahani saba, nikaingiza pini, nikasema, "Jaribu sasa, Madam."

Akapanda. Akapanda tena. Alijivuta mara nne, kisha akashika mikono ya kando akajishusha na kujiinua mara tatu, anacheka peke yake. Kevo akajikuna kichwa. "Kumbe ni kinyume," akasema. "Pole, fundi."

Aliniita fundi, na sikuwa nimemfundisha aseme.

Nikadhani tumemaliza. Lakini Madam aliikumbuka desturi yako. Ile ya kuvua koti mbele ya mwenye mali na kujivuta mara kumi bila msaada wowote, ndipo uombe chai. Aliyechomelea ndiye wa kwanza kuukabidhi mwili wake kwa chuma chake, hivyo ndivyo ulivyosema, na hakuna bomba lililotoka kwenye karakana yetu bila hilo. "Mzee hakuwahi kuniachia kitu kabla hajajivuta mwenyewe," Madam akasema. "Wewe je?"

Nilikuwa na visingizio vya kutosha. Nimechoka, nimebeba vyuma tangu asubuhi. Nikakikunja kibao kando kisinibebe, nikashika bomba.

Katikati ya njia mabega yakaanza kutetemeka, palepale ninaposhindwa kila jioni. Nikakumbuka sauti yako: "Usivute bomba. Vuta viwiko chini." Nikavuta viwiko. Kidevu kikavuka. Mara moja tu, Baba, sitakudanganya. Kumi zako, moja yangu. Lakini ilikuwa moja isiyo na mkebe, juu ya chuma nilichokichomelea mwenyewe, na kule juu nikaona winchi za majengo ya Kilimani dirishani na nikajivunia hata sikutaka kushuka.

Madam ameagiza nyingine, ya nyumbani kwa dada yake Spring Valley. Nilipompigia Simiyu simu kumwambia imekubaliwa, aliuliza kama naweza kumchukua binti yake Desemba nimfundishe kuchomelea. Nilimwambia nitafikiria. Nilikuwa nimeshakubali, nilitaka tu angoje kidogo.

Mama hajambo. Analala upande wake wa kitanda, wako hagusi. Jana alikuja karakana kwa mara ya kwanza tangu uende, akakaa kwenye stuli yako, akanitazama nikigrinda mpaka nikamaliza. Alipoondoka aliniachia chai kwenye chupa, ile chupa yako.

Naahidi hivi: hakuna chuma kitakachotoka mlango huu kabla mwili wangu haujaning'inia juu yake. Hata nikizeeka. Hata ikiwa ni mara moja tu. Pumzika, Baba, kazi iko mikononi mwa mwenye kazi.

Mkebe wa saba nimeutoa. Uko hapa mezani ninapoandika, na kidole gumba changu kiko ndani ya alama ya chako. Ulisema nikuite.

Nakuita. Njoo uone.

Wako,
Fundi Nekesa