Mikisa Niliyoizima Ijumaa

Ijumaa, mwezi wa Julai. Mawingu tangu alfajiri, jua halikutoka kabisa. Nimekaa kitandani na viatu miguuni, sina hata hamu ya kuvivua.

Leo nimefukuzwa kazi. Basi, nimeandika.

Mimi ndiye mwendeshaji wa mikisa, ile mashine ya dizeli inayochanganya konkriti, hapa Makadara tunapojenga nyumba za wafanyakazi. Siku hizi dizeli imekuwa ya shida. Nyapara amelifungia pipa kwa kufuli, anatupimia kila asubuhi, na ameamuru injini isingurume bure. Wenzangu walinung'unika, maana kuiwasha kwa hendeli kwenye baridi hii ni vita. Mimi nikaishika amri ile kama ibada. Jioni nikirudisha mafuta yaliyobaki, nyapara alikuwa akinigonga begani, "Wewe ndiye mtu wangu." Kichwa kikavimba. Mpumbavu mkubwa mimi!

Leo wakati wa kwenda msikitini ulipofika, mikisa ilikuwa imejaa, na maseremala walikuwa bado wanapigilia mbao za kumwagia konkriti. Mutua, mmoja wao, akaniambia, "Bwana Saidi, iache izunguke tu, nitaiangalia mpaka mrudi." Mkristo wa watu, alitaka kutusaidia. Nikamjibu kwa maringo, "Dizeli utanunua wewe?" Nikazima. Moyoni nilisema hatutakawia, tukirudi nitaongeza maji kidogo, mambo yaendelee.

Hotuba ikawa ndefu. Tuliporudi injini ikagoma. Tulizungusha hendeli kwa zamu, sisi Waislamu wote wa pale mashineni, mpaka viganja vikachubuka. Ilipokubali, tumbo la mikisa halikuzunguka. Konkriti ilikuwa imegandia ndani. Tukaingia na tindo na nyundo, tukagonga na kugonga, mpaka chuma chenyewe kikapasuka.

Nyapara hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alisema wenzangu hawatapewa tena ruhusa ya Ijumaa, na mimi nichukue kilicho changu. Chumba hiki ni cha kampuni, kwa hiyo nacho nikiache Jumapili. "Rudi kwenu," akasema.

Kwetu wapi? Nimezaliwa Pumwani. Baba yangu amezikwa hapa hapa Nairobi. Chumba cha mama kimejaa dada zangu na watoto wao, hata mahali pa kutandika mkeka hakuna. Na askari wa Wazungu wakikukamata njiani hawaulizi ulizaliwa wapi, wanauliza unamfanyia kazi nani, na asiye na kazi hufukuzwa mjini.

Wenzangu hawakuniaga. Siwalaumu. Ijumaa ndiyo ilikuwa pumzi yao, nami nimewanyang'anya.

Zuhura, mke wangu, hajanigombeza. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza jambo moja tu: "Ulikuwa unamwekea nani hayo mafuta?" Akaenda kumlaza mtoto.

Wallahi nimekosa.

Nimechoka, na naogopa. Siombi hata kusamehewa, naomba mahali pa kulala mke wangu na mtoto.

Kesho Jumamosi watu watafanya kazi nusu siku. Nitawasikia majirani wakifungua milango gizani, wakikohoa, wakiitana. Nitaamka nami kwa mazoea, nitavaa.

Halafu niende wapi?