Mkwe Ndani ya Simu

Jumatatu, 3 Machi 2025

Waifai imefika Shianda! Mlingoti umesimama nyuma ya soko, na kwangu inashika jikoni tu. Edah wa mradi wa lugha anatafuta watu wa kuongea Oluwanga ndani ya simu, ati simu nazo zijue lugha yetu. Nimejiandikisha mbio. Tangu mume wangu, Baba Navalayo, azikwe, sina wa kuongea naye ila kuku.

Jumamosi, 8 Machi

Nimeongea asubuhi nzima. Nimeieleza simu namna ya kupika mrenda, nikacheka mwenyewe. Haikujibu — afadhali kuku!

Jioni Navalayo akapiga video kutoka Doha. Tumbo limekuwa kubwa, uso umemvimba. Mwanangu! Nilitamani kumshika. Mara mumewe, Kipngetich, akaingiza kichwa: "Mama, habari yako?" Uso kwa uso na mkwe! Nami kichwa wazi, nimevaa kamisi. Nikatupa simu kwenye beseni la maharagwe.

Jumapili, 9 Machi

Navalayo amenuna. Kipngetich anadhani simtaki kwa kuwa si Mluhya. Nikasema, basi mweleze kwamba kwetu mama mkwe na mkwe hawatazamani. Ati, mama, hiyo ni simu tu! Edah naye kacheka: ni picha, si mtu. Picha gani inayoniona? Simu inafundishwa maneno yetu. Aibu yetu nani ataifundisha?

Jumanne, 18 Machi

Hakuna aliyepiga. Nakula jikoni, nakaa jikoni, nisije nikakosa mtandao. Nyumba imekuwa kubwa mno. Mwezi wake wa kujifungua ni huu.

Alhamisi, 20 Machi

Kipngetich amepiga! Nimefunika simu kwa leso ndipo nikapokea. Navalayo amepasuliwa — ni mzima, bado amelala kwa dawa. Msichana! Nikalia.

"Mama, mbona kuna giza? Nimembeba hapa, umwone."

Nikasema mtandao mbaya. Uongo mtupu! Nilimsikia hata mtoto akipiga chafya. Akasema atajaribu mara moja tena, kabla wauguzi hawajamchukua.

Nimevaa gauni la kanisani. Nimefunga kitambaa kichwani. Naandika nikingoja — kalamu huku, pembe ya leso iliyofunika simu huku.

Inaita.