Kapu la Titina

Palermo, bandarini
Jumatano mchana

Mdogo wangu Titina,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa dada yako Ermelinda, ambaye hujaisikia sauti yake kwa miaka tisa na ambaye, nakuapia, ni yule yule, ila ameongezeka kiunoni. U hali gani? Presha yako imetulia? Na magoti ya Aniello, bado yanamsumbua kwenye ngazi? Mimi ni mzima. Osvaldo ni mzima kupita kiasi, anakula kama mtu aliyetoka kifungoni jana. Ornella na binti yake Bianca wanakusalimu, ingawa Bianca anakujua kwa picha tu.

Utaona bahasha haina stempu, na huenda inanukia mkate. Sababu nitakueleza mwishoni. Kwa sasa nakuomba mambo mawili. La kwanza, soma ukiwa umekaa mezani, usisome umesimama roshani. La pili, usimwambie Aniello neno lolote, zuri wala baya, mpaka ulifikie jina langu chini. Nakujua unavyosoma barua: unaanza mwisho halafu unarudi mwanzo. Mara hii jizuie.

Habari zangu ni kwamba niko safarini kwenye meli ya matembezi. Ndiyo, mimi, niliyekuwa nikitapika kwenye feri ya Procida mpaka baba akawa anapanda na ndoo. Mwaka huu mimi na Osvaldo tumetimiza miaka arobaini ya ndoa, na Ornella akaamua kwamba zawadi ni siku nane baharini, sisi wote wanne: kutoka Genova, kisha Napoli, Palermo, Hispania, Ufaransa, na kurudi Genova. Meli ina ghorofa kumi na nne, ukumbi wa dansi na mabwawa matatu ya kuogelea, kana kwamba bahari yenyewe haitoshi. Sijatapika hata mara moja.

Mlangoni walininyang'anya birika langu la kahawa la umeme, wakanipa risiti, kama vile nimekabidhi bunduki. Nikasema sawa, basi na ninyi mtengeneze kahawa inayonyweka. Asubuhi ya kwanza nilionja yao, nikazunguka kaunta, nikamweleza mhudumu, bwana mpole wa Manila, kwamba maji yake yanachemka mno na kahawa yake ameisaga kama mchanga wa ujenzi. Ornella alijificha nyuma ya menyu kwa aibu. Lakini yule bwana alirekebisha, akaonja, akaniinamia kichwa. Kesho yake Waitalia wote wa ghorofa ya tisa walikuwa wamejipanga pale. Unanijua, siwezi kukaa mahali pasipo na mtu wa kumsahihisha.

Kitu kimoja tu kilinikosesha raha, nacho nilikiona tangu siku ratiba ilipobandikwa kwenye friji yetu Torino: siku ya pili, Jumanne, Napoli. Niliwaambia nitabaki melini, miguu yangu ikiwa bwawani. Ndipo Osvaldo alipoishiwa uvumilivu. Alisema amemwoa mwanamke wa Napoli miaka arobaini, na kwa miaka tisa ya mwisho Napoli imekuwa nchi ya adui, hata pizza yake haitajwi mezani. Alisema kama sitaki kumpeleka mimi, atapelekwa na wanaolipwa, na kumbe tiketi alikwisha kata, nne, za matembezi ya kwa miguu yaitwayo Napoli ya Kweli. Nikamuuliza, mimi, niliyezaliwa mtaa wa Sanità, nikaonyeshwe Sanità? Ornella alicheka mpaka akalazimika kukaa chini.

Osvaldo hakujua kilichotutenga mimi na wewe. Alijua kile tu nilichomwambia: kwamba tulipogawana vitu vya baba, wewe ulichukua pango la Noeli kwa sababu wewe ndiye uliyemuuguza, mimi nikachukua pete ya mama na cherehani, kwamba Krismasi iliyofuata ulifungua masanduku ukakuta Benino hayumo, na kwamba ulinipigia simu unalia, nami nikasema neno moja kuhusu mumeo. Neno lenyewe unalikumbuka kuliko mimi. Nilisema, “Si umuulize Aniello? Si ana binamu anayeuza vitu vya kale sokoni?” Ukakata simu. Tangu siku hiyo nikipiga unakata kabla sijavuta pumzi, na huna kosa.

Osvaldo ni mtu wa Torino, ameendesha tramu maisha yake yote, na hakuelewa inakuwaje watu waachane kwa sababu ya sanamu ndogo ya mchungaji aliyelala. Ilibidi nimweleze kwamba bila Benino hakuna pango, maana vyote vilivyomo, malaika, muuza samaki, Mtoto mwenyewe, ni ndoto ya Benino. Nikamweleza kwamba baba alimchonga kwa mkono wake, ule msimu wa baridi alipougua mapafu na kufunga duka la viatu, na kwamba alikuwa akimweka wa mwisho, juu kabisa, kisha anatunyamazisha kwa kidole. Unakumbuka tulivyokuwa tukitembea kwa vidole vya miguu mpaka Epifania ili tusimwamshe? Osvaldo akasema kwamba sasa ndiyo haelewi kabisa.

Basi Jumanne tulishuka. Nilivaa kofia pana ya Ornella na miwani yake ya jua, na kifuani nikabandikwa stika yenye nambari 14. Mwongozaji alikuwa bwana mmoja wa Bergamo, mrefu, ameshika mwavuli wa manjano. Alitupandisha mpaka Sanità akitueleza kwamba watu wa huku hutundika nguo barabarani ili kuwakaribisha wageni. Nikamwambia, “Mwanangu, zinatundikwa kwa sababu zimelowa.” Alipotaka kutuingiza kwenye duka la sumaku za friji, niliwaelekeza mahali pa kununua maandazi yaliyotoka jikoni muda ule, na kufikia kona ya pili nusu ya kundi lilikuwa linanifuata mimi. Osvaldo alikuwa nyuma anapiga picha kila kitu, amejaa fahari, kama vile mtaa mzima ni urithi wangu niliomfichia.

Kisha tukakata kona, nikaona duka la mkate la Mena, chini ya roshani yako. Kila kitu kilikuwa mahali pake: taa ya Bikira ukutani, mashada ya vitunguu saumu mlangoni, na Aniello kwenye kiti chake akisubiri kapu lako lishuke, kwa sababu ngazi huzipanda mara moja tu kwa siku. Amekuwa mweupe kichwa kizima. Hakuna aliyeniambia.

Kapu likashuka. Bwana wa Bergamo akainua mwavuli na kutangaza kwamba tuna bahati, huo ndio mtindo wa kale wa kununua vitu kwa kamba. Kamera zote zikaelekea juu, na ndipo nikaisikia sauti yako baada ya miaka tisa. “Nyie! Mnapiga picha nini? Kwenu watu hawali mkate?” Aniello akacheka, akawaambia wapige tu, lakini upande huu, ule mwingine umezeeka. Nilitaka kucheka nikashindwa. Nikasogea mbele mpaka karibu na kapu. Aliniona, akanitazama kwa yale macho yake yaliyoingia ukungu, akasema kwa adabu, “Jihadhari mama, lisikuangushe kofia.” Aliniita mama, kama mgeni yeyote.

Sasa vuta pumzi, mdogo wangu. Benino uliyemkuta Jumanne chini ya mkate, amefungwa kwenye leso ya bluu, hakuwekwa na Aniello. Nilimweka mimi, Aniello alipogeuka kupokea mkate kwa Mena, na aliporudi nao mkono wangu ulikuwa haujatoka. Na miaka tisa iliyopita aliyemchukua ni mimi.

Nilimchukua asubuhi ile ya kuondoka, wewe ulipokwenda kuniitia teksi. Pango lilikuwa bado limesimama mezani. Nilimwona pale juu na uso ule wa baba akilala mchana, mdomo wazi kidogo, nikaona siwezi kupanda treni na cherehani tu. Nikamtia mkobani. Nilijiambia nitamrudisha Krismasi, tutacheka. Lakini wewe ulipiga simu kabla, unalia, na mimi dada mkubwa, mimi ninayesahihisha dunia nzima, nikashindwa kusema maneno mawili: ninaye mimi. Badala yake nikamtaja mtu asiye na kosa. Kilikuwa kiburi, Titina, hakuna jina jingine. Miaka tisa amelala kwenye droo yangu ya soksi, na kila Desemba nilikuwa namfungua, namtazama, namfunga tena. Safari hii nilimtia sandukuni pamoja na soksi, na Jumanne nikashuka naye mkobani. Naona haya kuandika haya yote.

Nilipoliona kapu linapanda nilijisikia mwepesi. Nilijipongeza hata, nikamnunulia Osvaldo aiskrimu. Nilidhani nimemaliza: Benino amerudi nyumbani, na hakuna aliyelazimika kuniona.

Jioni mezani Osvaldo akatuonyesha picha zake. Alifika kwenye moja, na kwa mvi zile hakumtambua Aniello, akasema, “Tazameni huyu mzee, anatia mwanasesere kwenye kapu!” Nikaangalia. Mikono ya Aniello iko kwenye kapu, mkate uko kwenye kapu, na katikati kuna leso ya bluu na mguu mdogo wa mbao umechomoza. Mimi ni ukingo wa kofia tu. Ndipo nilipoona kile ambacho wewe ungekiona kutoka roshani: kapu limetoka mikononi mwa mumeo, na Benino yumo ndani. Mtu niliyemwita mwizi miaka tisa iliyopita, leo nimemtia ushahidi mkononi. Na Aniello atasema nini? Kwamba hajui? Alisema hivyo hivyo mara ya kwanza.

Nikaweka kijiko chini nikawaambia wote, mbele ya mume na mke wa Verona tunaokula nao meza moja. Ornella alinishika mkono. Osvaldo alijifuta mdomo polepole, akauliza kama ni kweli ni mimi, nikasema ni mimi. Titina, mtu huyu alikuwa amehesabu siku za kufika Hispania. Akasema kesho tunashuka Palermo, mimi na yeye, na feri ya jioni inatufikisha Napoli asubuhi. Ornella na mtoto waendelee. Kisha akaikuza ile picha mpaka ikaonekana vizuri, na akaenda kuichapisha kwenye duka la picha la meli. Imo humu kwenye bahasha. Tazama chini ya mkate. Mkono ule wa tatu wenye vidole vinene na pete ya jiwe la kijani, pete ya mama, ni wangu. Mpe Aniello miwani yake naye auone.

Sikuombi usahau. Wewe nenda sasa chumbani, au popote alipo, umwambie Aniello kwamba Ermelinda ndiye aliyechukua, na kwamba Ermelinda anasema hivyo kwa mwandiko wake. Kama Jumanne ulimkaripia, mkumbatie kwanza. Nikitakiwa nitasema mbele ya mtaa mzima, sauti ninayo, unajua.

Namalizia barua hii Alhamisi asubuhi. Mena alinitambua mara moja, bila kofia na bila miwani. Alisema tu, “Umechelewa, Linda,” akakubali kuiweka bahasha hii juu ya mkate. Osvaldo amekaa juu ya sanduku letu anakula andazi lake la pili la sfogliatella na kulalamika kwamba melini saa hizi wanakaanga mayai. Kiti cha Aniello kiko wazi bado. Mimi nimesimama karibu nacho, sijathubutu kukikalia.

Ukiamua kufunga dirisha nitaelewa, na kesho kapu likishuka utanikuta hapa hapa. Lakini kama utanipokea, usiite kwa sauti, maana wakisikia hawa majirani hatutapata nafasi ya kulia kwa raha. Nisalimie Aniello kabla ya watu wote. Mfunike Benino vizuri. Kisha tia ufunguo wa mlango wa chini kwenye kapu, uliteremshe.

Ni mimi niliye hapa chini, dada yako,

Ermelinda