Pakiti ya Mchaichai Ambayo Sijaifungua

Mjukuu wangu Wambui,

Sisi huku Dagoretti tu wazima, ila magoti yangu. Mama yako Njeri anakusalimia. Umeniuliza ni chai gani kati ya ulizonitumia imenipendeza. Ya tangawizi imenichoma koo vizuri. Ya maua inanukia sabuni, usinikasirikie. Ya mchaichai sijaifungua.

Miaka ya hamsini, guka wako, mume wangu, alikuwa mpishi kwa mzungu huko Muthangari. Alikuwa akiniletea majani ya chai yaliyokwisha kupikwa, tunayaanika, tunayachanganya na tangawizi au mchaichai, tunaonja tukibishana.

Asubuhi moja, siku zile za hali ya hatari, jirani akaja mbio: askari wa mkoloni wanashika watu, nyumba kwa nyumba. Guka akachukua koti. Nikamwambia, "Baba Njeri, hakuna anayetoka kwangu bila chai. Ngoja mchaichai ukolee." Nilidhani askari wako mbali. Akaketi, kwa kuniheshimu tu.

Lori lao lilifika kabla sijachuja. Hatukumwona tena. Chai yake niliimwaga jioni, ikiwa imekolea kweli.

Siku hizi mgeni akisema ana haraka, mimi mwenyewe ndiye humfungulia mlango.

Shosho wako