Mkono wa Mama na Mkanda wa Gari

Jadida, Wete. Alhamisi, vuli ya 1960.

Mvua tangu alfajiri, na kichwa changu kimevurugika kuliko barabara ya Chake. Nimekunywa chai tena na tena nikitumai akili itatulia. Wapi!

Kesho kutwa nimpeleke Mama bandari ya Mkoani akapande meli, mkono wake ukatazamwe hospitali ya Unguja. Uliungwa hapa, ukaunga vibaya. Na aliyemvunja ni mimi, kwa gari yangu.

Mwezi uliopita tulikuwa tunarudi mazikoni. Ng'ombe akakatiza mteremkoni, nikakata usukani, tukaivaa kingo ya udongo uso kwa uso. Boneti ilikunjika kama kopo la samli lililokanyagwa. Mimi nilitoka mzima. Mama, aliyekaa mbele kama heshima yake inavyotaka, akatoka na mkono unaning'inia.

Kila anayekuja kumjulia hali ananiongezea wazimu. Jirani yangu Mzee Hamadi anasema gari za siku hizi ni bati tupu, lori lake kuukuu lingechubuka rangi tu. Fundi aliyeinyoosha anasema hapana, pua ya gari ilikunjika ili sisi tusikunjike. Nilipombana akakiri hajui, ndivyo alivyosikia tu. Sasa nishike lipi? Gari inayopondeka ndiyo nzuri au ndiyo mbovu?

Sijui. Wallahi sijui.

Halafu kuna ile mikanda. Mzungu aliyeniuzia gari aliiacha, mmoja kwa kila kiti cha mbele, nasi tukawa tunafungia vikapu. Baada ya ajali nikamwomba Mama ajifunge tukisafiri.

"Mie nfungwe kama mbuzi wa Idi?"

Nikaenda kwa Shehe kuuliza kama kujifunga ni kumtilia shaka Mungu. Akasema mfunge ngamia wako, kisha tawakali. Nikarudi mbio na jawabu langu. Mama akanisikiliza mpaka mwisho.

"Imesemwa afungwe ngamia. Haikusemwa afungwe mwenye ngamia."

Nilicheka, na kucheka sikutaka.

Leo mchana nimekaza uso. Nimemwambia bila mkanda siwashi gari, na basi litamtikisa huo mkono mpaka alie. Hakukasirika. Ameniuliza taratibu, "Ng'ombe alipotokea, n'lifanya nini?"

Nakijua alichofanya. Wageni wote wanadhani aligonga dashibodi, nami nimewaacha wadhani hivyo kwa aibu. Kabla sijakanyaga breki, mkono wake ulikuwa umeshapita kifuani kwangu kunizuia. Ulibanwa baina yangu na usukani. Ndipo ulipovunjika.

"Haya, ukinfunga kitini, siku nyingine n'takufikia vipi?"

Nilitaka kumwambia mkanda haufungi mikono. Nina mvi, nina binti aliyeolewa, na bi mkubwa huyu bado ananihesabu mtoto wa kukingwa asianguke kitandani. Nikatoka nje nikasimama mvuani kama mjinga.

Mpaka sasa sijui ya bati, wala sijui ya pua. Ila Jumamosi nitajifunga mimi kwanza, na nitamwambia auvute mkanda wangu kwa mkono wake mzima, aone unashika. Labda akijua mwanawe ameshashikwa, atakubali kushikwa na yeye.