Ukurasa Wenye Vichwa Viwili

Jumatatu, 3 Machi

Shemeji, mume wa Dada, amenikuta ofisini nafuta vumbi mezani. Salamu hajamaliza — simu usoni kwangu. Karani wa shule moja ya mlimani inayotumia mfumo wetu wa ripoti ametuma picha ya ripoti ya mwanafunzi. Juu kuna nembo na jina la shule. Chini yake, nembo na jina la shule tena! Alama za mtoto zimesukumwa hadi karatasi ya pili.

"Ukurasa wako umeota vichwa viwili, shemeji," akasema.

Nikacheka. Yeye hakucheka. Alhamisi ya wiki ijayo anaupeleka mfumo mbele ya bodi yenye shule nane. Miaka sita tumekuwa tukiitafuta siku hiyo: yeye akiongea na watu chumba cha mbele, mimi nikiandika mfumo chumba cha nyuma. Nimemwambia asihofu, kesho jioni itakuwa imepona.

Kwenye kompyuta yangu ripoti hiyohiyo ina kichwa kimoja. Hilo silipendi. Kosa lisiloonekana kwangu ni gumu kulikamata. Na tangu katikati ya Januari nenosiri la seva, ile kompyuta inayohudumia shule zote, analo Shemeji peke yake. Usalama, alisema. Mimi natengeneza, namkabidhi faili, yeye analipandisha huko.

Jumanne, 4 Machi

Haijapona.

Nimeanza na mambo mepesi, kama kawaida yangu. Karani asafishe kashe ya brauza, maana huwa inaonyesha mambo ya jana. Amesafisha. Viwili. Afungue kwa simu. Viwili. Kompyuta ya mwalimu mkuu. Viwili! Mama huyu ana maneno: ameniambia sasa imebaki kompyuta ya mlinzi, na mlinzi hana kompyuta.

Basi si brauza. Ni kwetu, kwenye seva.

Nimepitia kiolezo kikuu mstari kwa mstari. Hicho ndicho kinachobeba kichwa cha shule, menyu na sehemu ya chini. Mfumo hukivika wenyewe juu ya kila ukurasa, bila kuitwa. Alama za mwanafunzi zinaingia katikati. Mtu akikiita tena kwa mkono, ukurasa utakivaa mara mbili. Nimetafuta kama kuna mahali nimekiita kwa kupitiwa. Saa tano nzima. Hakuna.

Msomi amepita na kikombe chake, akanichungulia begani. (Ndivyo tunavyomwita kijana wa chuo kikuu ambaye Shemeji alimwajiri mwaka jana.) Akaniambia nipumzishe macho, kaka. Kwa upole sana. Macho yangu yana nini?

Jumatano, 5 Machi

Nimerekebisha mitindo ya kuchapisha, yaani mpangilio wa ukurasa kwenye karatasi, nikampa Shemeji faili. Amepandisha. Hakuna kilichobadilika. Nimebana nafasi ya juu. Amepandisha. Hakuna. Hata nafasi haijasogea! Kosa linaweza kukataa kupona, lakini nafasi lazima isogee.

Mchana nimefanya jaribio la kiazi. Nililibuni mwenyewe miaka ile ya kujifunza gizani: ukihariri na kitu hakibadiliki, kwanza hakikisha faili hilo linasomwa kweli. Nimeandika KIAZI, herufi kubwa, chini kabisa ya kiolezo kikuu. Nikampa Shemeji.

"Tayari, limeshapanda!" akapaza sauti kutoka chumba cha mbele.

Nimempigia karani. Kafungua. Vichwa viwili, kiazi hakuna. Akauliza kama nilitaka wapike.

Kwa hiyo ama Shemeji hajapandisha, ama seva inasoma faili jingine. Sipendi lolote kati ya hayo mawili. Nimemuuliza tena kama kweli amepandisha. Akanitazama kama nimemtukana. "Mimi na wewe tumefikia huko?"

Nimeona aibu. Nimemwomba radhi.

Alhamisi, 6 Machi

Jino. Nusu siku kwa daktari wa meno, nusu nyingine kitandani. Shemeji amepiga mara mbili kuulizia kichwa — cha ukurasa, si changu.

Ijumaa, 7 Machi

Nimejua.

Nitaandika polepole.

Shemeji na Msomi walitoka kwenda kukagua ukumbi wa bodi. Nikabaki na karani kwenye simu, akinisomea anachokiona. Ndipo nikajicheka: siku nne nahangaika na seva, na chanzo cha ukurasa kiko wazi kwa mtu yeyote! Huhitaji nenosiri. Unabofya kulia, unachagua kuona chanzo, unasoma jinsi ukurasa ulivyojengwa. Karani akaniazima jina lake la kuingilia. Nikafungua ripoti ileile.

Picha ya nembo inatoka kwenye folda iitwayo "mpya". Sijawahi kuwa na folda ya jina hilo.

Kichwa cha kwanza ni changu. Ni changu mpaka kwenye maelezo madogo ninayoyaacha ndani, ambayo msomaji wa kawaida hayaoni: "Usiguse nafasi hii, imenitesa siku tatu." Maneno yangu, na kosa langu la nukta lilelile. Juu yake palikuwa na mstari wenye jina langu na mwaka. Sasa haupo. Badala yake: "Toleo jipya, 12 Januari. Mbunifu," na jina la Msomi. "Mmiliki," na jina la Shemeji.

Wamefuta jina langu, wameacha malalamiko yangu!

Kichwa cha pili kimeitwa kwa mkono. Ndilo kosa lenyewe. Kijana hakujua kwamba kiolezo kikuu hujivika chenyewe, akakiita tena. Kosa la mgeni. Dawa yake ni kufuta mstari mmoja.

Wamenakili mfumo wote, wakauhamishia kwenye folda hiyo, shule zote zinasoma huko. Mimi nimeachiwa nakala ya zamani. Karibu miezi miwili kila nilichotengeneza nimekitengeneza kwenye mafaili yasiyosomwa na mtu. Kama kupaka rangi nyumba isiyo na watu, kila siku, kwa bidii, na bwana anapita dirishani anakusifia.

Nimefungua daftari hili nyuma, tarehe 12 Januari. Nimejiandikia mwenyewe: "Jumapili. Nimeshinda kwa Dada kurekebisha mlango wa bafu. Bawaba mbili tu, lakini hataki niondoke, chai mara tatu. Shemeji hayupo, yuko ofisini anamalizia barua."

Chai mara tatu.

Jumamosi, 8 Machi

Mke wangu ameniuliza natafuna nini. Sikuwa na kitu mdomoni.

Jumapili, 9 Machi

Nimekwenda kwa Dada, saa ambayo Shemeji huwa hayupo. Alikuwa anakunja nguo. Mlango wa bafu unafunga vizuri, nimeujaribu.

Sikuzunguka. Nikamuuliza kama siku ile ya mlango alijua mumewe alikuwa ofisini anafanya nini.

Akaendelea kukunja. Shati moja, la pili. Halafu akasema, "Nani kakwambia?"

Basi. Nilikuja na maswali kumi na mawili kwenye karatasi, ningeweza kuyachana palepale.

Anasema hakujua yote. Aliambiwa anishughulishe tu mchana mzima. Anasema bodi inataka vyeti vya watengenezaji wa mfumo, na mimi nina cha kidato cha nne. Angewaambia nini watu wazima wale, kwamba mfumo umeandikwa na mtu aliyejifundisha kwa vitabu vya kuazima? "Hakukufukuza, mdogo wangu. Amekuweka pembeni kidogo mpaka mambo yapite."

"Kwa nini hakuniambia?"

"Ungeleta fujo."

"Nimewahi kuleta fujo lini, Dada?"

Akakaa juu ya nguo alizokwisha kunja, zote zikakunjamana. Akasema nimfikirie na yeye: huku mume, huku ndugu. Nikamwambia mimi nilikuja kumtengenezea mlango. Nikaondoka. Alileta chai, sikuinywa.

Shemeji kunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, hilo linauma. Lakini Dada ndiye aliyenifundisha kufunga kamba za viatu.

Amesema hatamwambia mumewe kwamba najua. Sijui alikuwa ananiahidi au ananisihi.

Jumatatu, 10 Machi

Ofisini kama kawaida. Nimefuta vumbi. Nimewasha kompyuta. Nimefungua faili lisilosomwa na mtu.

"Umefikia wapi, shemeji?"

"Naendelea kupima."

Kumbe naweza kusema uongo bila kupepesa! Nimejishangaa.

Adhuhuri Msomi amekuja chumba cha nyuma, akafunga mlango. Jasho. Akaniuliza, kwa kuzunguka sana, nilikuwa nafanyaje kusudi kichwa kisijirudie. Nikamuuliza anaulizia kwenye faili gani. Akababaika. Kisha akasema anasikitika kuhusu macho yangu.

"Macho yangu yana nini?"

"Si... bosi alisema daktari amekukataza skrini. Kwamba umeamua kuacha taratibu, na umetuachia mfumo. Kwamba tusikuongeleshe habari hiyo, inakuumiza."

Nikamsomea maandishi ya kalenda iliyo ukutani, upande wa pili wa chumba, mpaka jina la kiwanda cha karatasi lililo chini kwa herufi za sisimizi. Kijana akakaa chini. Akasema, "Lo, kaka." Akarudia, "Lo, kaka." Sina ugomvi naye. Ameingizwa mjini kama mimi, ila yeye kwa mlango wa mbele.

Aliniuliza tena kuhusu kichwa kabla ya kutoka. Nilikuwa nimekwisha kufungua mdomo nimweleze, ndivyo nilivyozoea. Nikaufunga. Nikamwambia amwambie bosi wake aniulize mwenyewe, na aniulize juu ya faili lenyewe.

Jumanne, 11 Machi

Nimefikiri kwa utaratibu. Ninataka nini?

Kumharibia Alhamisi? Hapana. Ule mfumo ni wangu, ukichekwa nimechekwa mimi. Cheti? Sina, na sitakipata kufikia keshokutwa. Kuondoka? Labda, lakini si leo.

Nataka kitu kimoja. Aniambie kwa mdomo wake: shemeji, kuna folda nyingine, tulikuficha. Akisema hivyo nitaufuta ule mstari kwa sekunde kumi, na bodi wataona ukurasa safi. Asiposema, sina cha kumtengenezea. Ninalijuaje faili ambalo halipo?

Nimeandika hivyo, kisha nimeyasoma mara mbili. Ni haki. Nadhani ni haki.

Jumatano, 12 Machi

Nilimpa nafasi. Naandika hapa ili baadaye nisije kujiambia kwamba sikumpa.

Saa tisa alasiri amekuja na kiti chake, akakaa magoti yakigusana na yangu. Amekonda wiki hii. Kesho saa nne, akasema, kesho saa nne, shemeji, niokoe. Nikamwambia: naomba faili lenyewe linalosomwa na seva. Lile lenyewe. Nilisema polepole, nikimtazama.

Akaenda chumba cha mbele. Nilimsikia akifungua droo, akiifunga. Msomi akanong'ona kitu, yeye akamkemea. Akarudi na flashi, akaichomeka mwenyewe.

Faili langu la zamani. Na KIAZI chini kabisa.

"Ndilo hili tu?" nikamuuliza.

"Ndilo hilo, hakuna jingine. Mimi nikufiche wewe?" Na mkono begani.

Begani!

Alhamisi, 13 Machi

Saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi. Niko ofisini peke yangu. Naandika huku simu iko mezani, spika wazi, na Shemeji yuko hewani.

Amepiga dakika sita zilizopita. Ananong'ona. Wameonyesha orodha ya wanafunzi, vizuri. Matokeo ya darasa, vizuri. Mwenyekiti wa bodi akaomba kuona ripoti ya mtoto mmoja, ipigwe kwenye ukuta kwa projekta. Imepigwa. Nimesikia kicheko cha watu wengi, na mwanamke akiuliza mbona shule moja inajitambulisha mara mbili, inaogopa kusahaulika?

"Nifute wapi?" ananong'ona. "Niambie tu mstari, Msomi yuko kwenye mashine."

Nikamwambia faili alilonipa jana halina kosa. Kichwa ni kimoja. "Unataka nikuelekeze kwenye faili gani, shemeji?"

Namsikia anavyohema.

Msomi, kwa mbali: "Mwambie tu, bosi. Mwambie."

Nikarudia. "Faili gani?"

"Unalijua," akasema.

"Silijui. Sijaonyeshwa."

Dada anapiga kwenye laini ya pili. Ameacha. Anapiga tena. Sikupokea.

Sasa ni mwenyekiti, sauti nzito, karibu kabisa na simu. Anamuuliza Shemeji anaongea na nani muda wote huu, na kama ndiye mtu aliyeutengeneza mfumo basi awekwe kwenye spika, wamsikie wote.

Nimeacha kuandika kidogo ili nisikie vizuri.

Amejibu. "Hapana, mwenyekiti. Ni fundi wa projekta."

Kitu kimekwaruza, ameiweka simu mezani kwao. Mwangwi wa ukumbi. Watu wanakohoa. Na sauti yake ya chumba cha mbele, ile nzuri, ya kuongea na watu:

"Haya, fundi. Uko kwenye spika. Tunakusikiliza."

Saa nne na dakika kumi na tisa. Wananisubiri mimi.